Kwa nini vichekesho vya Waingereza wa kale havichuji

Kichekesho huzeeka upesi kuliko maandishi mengine yote. Shairi la mapenzi la miaka mia moja iliyopita bado humgusa msomaji, na msiba uliosimuliwa vizuri humliza hata mtu ambaye babu yake alikuwa hajazaliwa ulipotokea. Lakini chukua gazeti la miaka ishirini iliyopita, ufungue ukurasa wa katuni: nusu ya mizaha haieleweki tena mpaka apatikane mtu wa kukueleza fulani alikuwa nani na alisema nini. Kwa mwendo huo, riwaya za kuchekesha zilizoandikwa London enzi za Malkia Victoria zilipaswa kuwa zimeshasahaulika kitambo. Haikuwa hivyo. Three Men in a Boat ya Jerome K. Jerome ilitoka mwaka 1889 na tangu hapo haijaacha kuchapishwa. The Diary of a Nobody, ya ndugu wawili George na Weedon Grossmith, ilianza kutoka kwa mfululizo katika jarida la Punch mwaka 1888, ikawa kitabu mwaka 1892, na leo bado inapatikana. P. G. Wodehouse aliwaletea wasomaji mtumishi aitwaye Jeeves mwaka 1915 na akaendelea kumwandika hadi 1974. Nashikilia kwamba kudumu huku kuna sababu moja kubwa, wala si ile inayotajwa mara kwa mara, kwamba Waingereza wamejaliwa ucheshi kuliko watu wengine. Sababu ni kwamba vitabu hivi humgeuzia kicheko msimulizi mwenyewe na watu wa nyumbani kwake. Vinapofanya hivyo havichuji. Vinapogeuka kumcheka mtu wa mbali, rangi yake hutoka.

Tuanze na Charles Pooter, mwenye shajara ya akina Grossmith, kwa sababu yeye ndiye mfano ulio wazi kuliko wote. Pooter ni karani wa makamo, amepanga nyumba mtaa wa Holloway, na reli inapita mwisho wa bustani yake. Anaona maisha yake yanastahili kuandikwa kama ya mtu mkubwa yeyote. Siku moja ananunua rangi nyekundu ya kung'aa, anapaka vyungu vya maua, na matokeo yanampendeza. Anapanda chumbani kwa mtumishi, anapaka meza ya kunawia na kabati la nguo. Mtumishi anasema vitu vilikuwa vizuri tu jinsi vilivyokuwa, na Pooter anaandika kwa masikitiko kwamba watu wa tabaka la chini hawana jicho la uzuri. Hawezi kuacha. Anapaka ndoo ya makaa, anapaka migongo ya vitabu vyake vya Shakespeare vilivyochakaa, na mwisho, bila kumwuliza mkewe Carrie, anapaka hodhi la kuogea. Siku chache baadaye anajisikia vibaya, anaingia kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, analala humo akipata nafuu, kisha anainua mkono juu ya maji na kuuona umejaa damu. Wazo linalomjia ni kwamba mshipa umepasuka na anakufa, tena anajifananisha na mwanamapinduzi Marat aliyeuawa hodhini, kama alivyomwona kwa sanamu ya nta kwenye jumba la Madame Tussaud. Ni rangi iliyoyeyuka. Anaamua asimwambie Carrie neno, ila amwite fundi Jumatatu aje apake hodhi rangi nyeupe.

Katika masimulizi yote hayo hakuna mahali waandishi wanapokukonyeza jicho. Hawasemi kwamba Pooter ni mjinga, na Pooter mwenyewe hajui. Yeye anaandika ripoti ya siku yake kwa heshima zote, na sisi wasomaji ndio tunaoona mwanya ulio kati ya mtu anavyojiona na alivyo. Mwanya huo ndio mtambo wa kicheko, na hauhitaji tanbihi. Huhitaji kujua Holloway iko upande gani wa London wala karani alilipwa kiasi gani mwaka 1888. Unachohitaji kujua ni kwamba mtu akishapenda kitu kipya hakubali kuambiwa basi, na kwamba anayeshindwa mbele ya mkewe hutafuta namna ya kuficha ushahidi. Pooter anapoalikwa kwenye dansi kubwa ya Mansion House, gazeti la mtaani linaliacha jina lake katika orodha ya waalikwa. Anaandika barua kulalamika, jina linachapishwa kimakosa. Anaandika tena, linakosewa upya kwa namna nyingine. Yeyote aliyewahi kungoja jina lake lisomwe kwenye hafla, au lionekane kwenye kijitabu cha harusi, anajua uchungu huo ulivyo mdogo na unavyouma. Na hapa kuna jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita: kitabu hakimdhalilishi. Pooter ni mwaminifu, anampenda mkewe, anahangaika na mwanawe Lupin asiyeshikika kazini, na mwishoni mwajiri wake anamnunulia ile nyumba aliyokuwa amepanga na kumkabidhi iwe yake. Msomaji hufurahi kwa dhati, kwa sababu kurasa zote zile alizokuwa akicheka alikuwa pia akizidi kumpenda mtu huyu.

Jerome anautumia mtambo ule ule kwa sauti nyepesi zaidi. Msimulizi wake anakwenda British Museum kusoma kuhusu maradhi madogo ya mafua, anafungua kurasa bila kufikiri, anakuta dalili za homa ya matumbo na kujigundua anazo, anaanza upya kwa mpangilio wa alfabeti, na akimaliza amejikuta na kila ugonjwa uliomo isipokuwa mmoja tu: ule wa magoti unaowapata watumishi wa kike kwa kupiga deki. Kinachomuuma ni kuukosa huo mmoja, anaona amebaguliwa. Kurasa hizo ziliandikwa kabla ya penisilini na kabla ya redio, na bado zinamweleza barabara mtu wa leo aliyeshika simu usiku wa manane akitafuta kwenye intaneti maana ya maumivu ya kichwa. Baadaye anakuja mjomba Podger na kazi ya kutundika picha ukutani. Podger anatangaza kwamba kazi hiyo aachiwe yeye. Anamtuma mtumishi dukani kununua misumari, mtoto mmoja alete nyundo, mwingine rula, mwingine ngazi. Anaidondosha picha, anajikata kwa kioo, anatafuta leso ambayo imo ndani ya koti, koti lenyewe halionekani, nyumba nzima inalisaka mpaka anaposimama na kugundua kwamba alikuwa amelikalia. Karibu na usiku wa manane picha inakaa ukutani, imepinda, ukuta umejaa matundu, watu wote wamechoka kufa, na Podger anashuka kwenye kiti moja kwa moja juu ya kidole kibovu cha mama wa usafi, anaitazama kazi yake kwa fahari, na kushangaa kwamba wapo watu ambao wangeita fundi kwa jambo dogo kama hilo. Nyumba ya namna hiyo ipo kila mji, na baba wa namna hiyo yupo kila ukoo.

Wodehouse ndiye aliyeufikisha ufundi huu kileleni, na kwake ni lazima tuzungumzie kazi, maana wepesi wa kurasa zake huwadanganya watu wakadhani ziliandikwa kwa wepesi. Alieleza mwenyewe uzeeni kwamba kabla ya kuanza riwaya hukusanya kurasa zipatazo 400 za maandalizi. Matunda yake yanaonekana katika Right Ho, Jeeves ya mwaka 1934, ambamo kijana mwoga Gussie Fink-Nottle, mpenzi wa kufuga mijusi ya majini, asiyekunywa kitu ila maji ya machungwa, anatakiwa kugawa zawadi kwenye shule ya Market Snodsbury. Bertie Wooster anamtilia pombe kwenye maji ya machungwa ili apate ujasiri. Jeeves, bila kuambiana naye, ameshafanya hivyo hivyo. Na Gussie mwenyewe ameshatangulia kwenye chupa ya wiski. Kinachofuata jukwaani ni miongoni mwa sura za kuchekesha kuliko zote katika Kiingereza, lakini kimejengwa jiwe kwa jiwe kwa sura kadhaa kabla yake. Anayetusimulia yote ni Bertie, kijana tajiri ambaye sifa zake za kitaaluma ni mbili: shuleni alipata tuzo ya maarifa ya Biblia, na aliwahi kuandika makala moja kuhusu mavazi ya wanaume katika jarida la shangazi yake. Hachoki kuzitaja. Anaamini ana akili ya kutatua matatizo ya rafiki zake, na kila mpango wake unaharibika mpaka mtumishi wake auokoe. Jeeves, mwenye kujua kila kitu, Wodehouse alikaribia kabisa kumnyima nafasi ya kusimulia. Simulizi ameachiwa mwenye kupotea, na humo ndimo raha ilimo.

Hapo wapo watakaonizuia na kusema: unawasifia watoto wa kishua. Vijana wasiofanya kazi, majumba ya mashambani, watumishi wa kuwavalisha suruali. Hayo yana nini na mtu anayeamka alfajiri kupanda daladala? Hoja hii ina nguvu kidogo kwa Wodehouse na haina nguvu hata chembe kwa wale wengine. Mashujaa wa Jerome ni wafanyakazi wa London wanaokwenda mapumziko mafupi mtoni, mmoja wao ni karani wa benki, na Jerome mwenyewe alikulia katika umaskini na kuanza kazi ya ukarani wa reli akiwa bado mtoto. Wakosoaji wa 1889 walimshambulia hasa kwa sababu hiyo: waliona lugha yake ni ya makarani na vijana wa mitaani, haifai kuitwa fasihi. Pooter naye ni karani mpaka kwenye mifupa. Kuhusu Bertie, tazama mizani ya madaraka ndani ya vitabu vyake. Bwana ndiye asiyejua, mtumishi ndiye anayeamua, na bwana analazimika kuacha hata nguo anazozipenda kwa sababu mtumishi hazikubali. Wodehouse hakuwa mwanamapinduzi, na sitamvisha joho lisilo lake. Ila tabaka la juu la Uingereza halikuwahi kuchorwa likiwa tupu kichwani namna hiyo na mtu anayelipenda.

Hoja nzito zaidi ni ya rangi na ukoloni, na hii haifai kupitiwa juu juu na mwandishi wa Kiswahili. Evelyn Waugh, mwenye kipawa cha kuchekesha kisicho na shaka, alikuja Afrika mwaka 1930 kuripoti kutawazwa kwa Haile Selassie, kisha akapita Zanzibar, Kenya, Uganda na Kongo. Safari hiyo ilizaa riwaya ya Black Mischief mwaka 1932, inayotokea Azania, kisiwa cha kubuni nje ya pwani yetu, chenye mfalme kijana aliyesoma Oxford anayetaka kuifanya nchi ya kisasa kwa amri, na askari wanaopewa viatu wakavila. Kichekesho hicho kimekufa. Hakikufa kwa kuwa tumekuwa wepesi wa kukasirika; kimekufa kwa kuwa aliyeandika hakuwajua watu aliowacheka, akajaza pengo la kutojua kwa dharau, na dharau hurudia jambo lile lile. Ushahidi mzuri zaidi unatoka kwa Waugh huyo huyo. Mwaka 1938 alitoa Scoop, kuhusu mwandishi wa safu ya mambo ya viumbe wa porini anayepelekwa kimakosa kuripoti vita katika nchi ya Kiafrika ya kubuni, kwa kuwa jina lake la ukoo linafanana na la mtu mwingine. Sura zinazowahusu wanahabari, mmiliki wa gazeti ambaye wahariri wake hawathubutu kumwambia hapana, na ripota anayetunga mapigano bila kutoka hotelini, bado zinawafanya waandishi wa habari wacheke na kujishika kichwa. Sura zinazochora Waafrika zinanyauka mkononi. Kalamu ni ile ile na jalada ni lile lile. Waugh alikuwa amefanya kazi ya uandishi wa vita Uhabeshi mwaka 1935, kwa hiyo alipowacheka wanahabari alikuwa anajicheka.

Wodehouse naye ana doa. Katika Thank You, Jeeves ya 1934, Bertie anajipaka dawa ya viatu usoni ili aonekane mmoja wa wapiga muziki weusi, na sehemu kubwa ya kitabu inategemea mzaha huo pamoja na neno la matusi lililokuwa la kawaida wakati huo. Mwaka 2023 ilijulikana kwamba wachapishaji wake walikuwa wameondoa baadhi ya maneno kama hayo katika matoleo mapya. Binafsi napendelea yabaki, yakitanguliwa na utangulizi wa kweli, kwa sababu msomaji mzima wa akili anastahili kuona mahali ambapo hata fundi huyu alichepuka. Na akiona, atatambua pia kwamba hizo ndizo kurasa hafifu za kitabu hicho hata kwa kipimo cha kichekesho peke yake. Siwezi kumwomba mtu azivumilie. Naomba tu asivitupe vitabu kadhaa visivyo na doa hilo kwa ajili ya kimoja chenye nalo.

Wengine husema kicheko hiki ni anasa, kwamba dunia ilikuwa inawaka moto na Wodehouse anaandika kuhusu nguruwe wa mashindano na kijagi cha maziwa cha fedha chenye umbo la ng'ombe. Kijagi hicho kimo katika The Code of the Woosters, iliyotoka mwaka 1938, na humo humo yumo Roderick Spode, kiongozi wa kundi linaloandamana kwa kaptura nyeusi, kwa sababu walipochelewa kuanzisha chama chao walikuta mashati ya rangi zote yameshachukuliwa. Kila msomaji wa Uingereza alijua kwamba anayetajwa ni Oswald Mosley na Mafashisti wake wa mashati meusi. Spode anawatisha watu wote mpaka inapofichuka kwamba kwa siri anamiliki duka la nguo za ndani za wanawake na anazibuni mwenyewe. Ni kweli kwamba mwaka 1941, akiwa ametoka kwenye kizuizi cha Wajerumani waliomkamata Ufaransa, Wodehouse alikubali kuzungumza kwenye redio ya Berlin, vipindi vitano vya utani kuhusu maisha ya kizuizini, na taifa lake likamwona msaliti. Aliyesimama kumtetea kwa maandishi mwaka 1945 ni George Orwell, mtu asiye na huruma na Mafashisti, akisema kosa lilikuwa upumbavu wa kisiasa na si usaliti. Mwaka huo huo Orwell alichapisha kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kama Shamba la Wanyama. Mwandishi aliyeujua udikteta kwa kina kiasi hicho hakuona kwamba kicheko cha Wodehouse ni uchafu wa kufagiliwa.

Inabaki hoja ya lugha: kwamba raha hii imefungwa ndani ya Kiingereza na Uingereza, na ng'ambo hufika makapi. Wodehouse kweli hupoteza kitu nje ya Kiingereza chake, ingawa India ana wasomaji tele wa vizazi vingi. Kwa Jerome hoja inaanguka kabisa. Warusi walimpenda kwa tafsiri hata televisheni ya Kisovieti ikamtengenezea filamu mwaka 1979, katika nchi isiyo na Mto Thames wala mfumo ule wa maisha. Na kwa Kiswahili mlango ulishafunguliwa: Fortunatus Kawegere alikitafsiri kitabu cha Orwell mwaka 1967, na nguruwe wake wakazungumza lugha yetu bila taabu. Pooter angekaa vizuri zaidi. Kiswahili kina tayari sauti anayoihitaji, ile ya barua ya kiofisi yenye yah na kumbukumbu namba, ya risala inayosomwa mbele ya mgeni rasmi, ya mtu anayetumia maneno mazito kueleza jambo la kilo moja. Mtafsiri mwenye sikio angemwandika karani huyo hodhini, mwekundu mwili mzima, akiripoti tukio kwa unadhifu wa mtu anayewasilisha taarifa ya mwezi. Jerome na akina Grossmith hawana tena haki miliki ya kulipiwa. Vitabu vyao viko kwenye intaneti bure, na mchapishaji wa Dar es Salaam au Nairobi haombi ruhusa ya mtu yeyote kuvitoa. Kwa asiyependa kungoja, sura ya tatu ya Three Men in a Boat, ile ya mjomba Podger, inasomeka peke yake bila kusoma zilizotangulia, na ndiyo ningempa kwanza mtu anayebisha. Shajara ya Pooter ifuate, isomwe siku kadhaa kwa wakati mmoja kama ilivyotoka kwenye jarida. Wodehouse aje mwisho, kitabu kimoja kimoja, kwa sababu vitabu vyake vina mijengo inayofanana, na anayevibugia mfululizo huanza kuona mbao badala ya nyumba.